Shemeji Kwani na Kamba za Uani

Mume wa dada yangu anaitwa Bwana Kwani, na jina hilo hakupewa na wazazi wake. Amepewa na mtaa mzima. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoa mkono dirishani kwanza ahakikishe, kisha akugeukie: "Kwani wewe umejuaje?" Nakaa kwake tangu nianze kazi ya ususi, nalala chumba cha uani, kwa hiyo ninayosema hapa nimeyaona kwa macho yangu, sikuhadithiwa.

Si mtu mbaya. Naanza na hilo, maana nikiendelea mtadhani namchukia. Kazi ndiyo iliyomharibu. Shemeji ni mdadisi wa takwimu: anapita nyumba kwa nyumba akiuliza watu wanalima nini, wanauza nini, wanakula nini, ili wakubwa huko ofisini wajumlishe wapate kitu kinachoitwa pato la taifa. Na watu wanamdanganya. Wakiona kalamu wanaona kodi. Mtu ana mbuzi wanalia nyuma ya nyumba, anamtazama usoni bila haya: "Mimi sina mnyama, bwana. Huo ni upepo." Danganywa hivyo asubuhi mpaka jioni, miaka nenda miaka rudi, tena na watu wanaokukaribisha kiti, tuone kama na wewe utabaki mzima.

Basi akajifunza kutosikiliza midomo. Mtu akijibu, yeye macho yako uani: jivu ni la kuni au la mkaa, manyoya yale ni ya kuku wa nani, kwenye kamba ya nguo kuna nguo za wangapi. "Mdomo husema uongo, jalala halisemi," ndivyo anavyopenda kusema. Jioni anarudi nyumbani na macho yale yale. Sukari ikipungua, kinaulizwa kijiko.

Siku moja tukiwa mezani alitueleza kwamba kazi za dada pale nyumbani hazimo kwenye pato la taifa. Kupika, kufua, kulea, vyote havimo. "Tukimwajiri mtu apike, tukamlipa, hapo inahesabika," alisema, tena kwa fahari, kama vile yeye ndiye aliyepanga. Dada yangu akamwangalia, kisha akaivuta sahani ya mumewe taratibu mpaka upande wa pili wa meza. "Basi hiki ulichokuwa unakula hakipo." Nilicheka nikapaliwa. Shemeji naye alicheka, lakini kwanza alichungulia aone kama sahani itarudi.

Mwaka jana ofisi yao ikamwazima kwa watu wa akiolojia waliokuwa wakichimba mji wa kale nyuma ya kiwanda cha matofali. Walitaka kujua mji ule enzi zake ulikuwa na pato gani, nani alikuwa nacho na nani alikuwa hana. Sasa wafu hawaulizwi maswali. Kwa hiyo wanafunga kamba juu ya ardhi, kamba za kukatana, mpaka eneo lote linakuwa miraba miraba, halafu kila kigae cha chungu na kila kipande cha mfupa kinawekewa alama kwenye ramani, pale pale kilipokutwa. Alama zikijazana mahali, wanajua hapa palipikwa, hapa palisagwa nafaka, huyu alikuwa na nyumba kubwa na sahani nzuri, yule alikuwa kabwela kama sisi. Wakishajua hivyo wanakadiria mji mzima ulizalisha kiasi gani. Mimi simwamini sana mtu anayechimba asipande kitu, lakini hesabu yenyewe nilielewa.

Shemeji je? Alirudi nyumbani anang'aa. "Shemeji, wamekufa zamani hizo na bado nawaelewa kuliko jirani yetu hapa!" Kwa nini asifurahi? Amepata watu wasiomdanganya.

Mkuu wao alikuwa daktari wa kisomo, si wa hospitali, mwanamama mpole mwenye kofia kubwa. Alikuja kwetu kula mchana mara moja, na mazungumzo yalipokolea akasema kinachowasumbua wao zaidi ni ufagio. "Vitu vikubwa havikai vilipoangukia," alisema. "Mtu amefagia, amevipeleka pembeni. Vidogo sana, vile vinavyokanyagwa vikazama udongoni, ndivyo vinavyobaki mahali penyewe. Ukisahau ufagio, utasema watu waliishi jalalani." Shemeji alitikisa kichwa kukubali, kama mwanafunzi mzuri. Nilimwona.

Sasa hapa lazima nimlete mzee, baba yake shemeji. Ni seremala, mtu wa maneno machache, mwenye kofia ya mkeka na kisu kidogo mfukoni. Mkewe alipofariki, siku ya mazishi yenyewe, watu bado wamekaa na machozi hayajakauka, shemeji alizunguka vyumbani kwa wazazi wake na yale macho yake. Akatoka sebuleni, mbele ya wakwe na majirani, akasema: "Baba, kabati la mama liko wapi? Kwani umelipeleka wapi haraka hivi?" Lilikuwa kabati ambalo mzee alimtengenezea mkewe walipooana. Mzee alimtazama mwanawe, asijibu. Tangu siku hiyo hakukanyaga kwetu. Alimtumia dada ujumbe kwamba haingii nyumba ya mtu anayemkagua. Na huyu bwana wetu, badala ya kwenda kuomba radhi, kimya kile akakifanya ushahidi. "Asiye na kosa angejibu," kila siku wimbo ndio huo. Aliamini kabati limeuzwa, au kuna mwanamke amepelekewa.

Mwaka huu macho ya mzee yakaanza kufifia. Binti yake anayeishi mbali, safari ya kutwa nzima, akataka kumchukua akakae naye. Tarehe ikapangwa. Dada yangu hakuvumilia. Mzee akishaondoka na kinyongo kile, na umri ule, nani anajua kama wataonana tena? Akaanza kumwita mzee kila Jumatatu, siku ambayo shemeji yuko kwenye machimbo na mimi saluni yetu imefungwa. Mzee alikuja, ila ndani hakuingia. Alikaa kwenye ngazi ya mlango wa mbele, mbele ya geti, jua linamwona na mtaa unamwona, akimenya karanga na kutengeneza viti vyetu vilivyolegea. Anachonga penseli yake kwa kisu, anapima, anagonga. Dada anakaa karibu, anaongea naye. Nia yake ilikuwa moja: mzee akubali kuingia ndani na kula meza moja na mwanawe kabla hajaondoka.

"Bado kidogo," dada aliniambia. "Wewe funga mdomo tu. Unamjua mwenzako, akisikia atakwenda kumhoji."

Nikafunga mdomo. Mzee akiondoka mimi nafagia, maganda na takataka zote nazisukuma mpaka nyuma ya tangi la maji, kwenye kona, tunakokusanya uchafu wa kuchoma.

Kilichotuumbua kwanza ni kiti. Shemeji alikaa, akainuka, akakaa tena. "Kwani hiki si kilikuwa kinayumba?"

"Kimepona," dada akasema.

"Kimepona! Kama mafua?"

Hakusema zaidi, na hapo ndipo nilipoogopa. Bwana Kwani asipouliza, ujue ameshaanza kujibu mwenyewe. Akaanza kuwahi kurudi. Akaanza kusimama uani na kikombe cha chai, anakunywa polepole, macho chini. Dada akimpa chakula anashukuru kwa sauti ya mgeni. Nyumba ikawa nzito, kila mtu anamchungulia mwenzake kwa pembeni, hata mimi nikawa nakohoa kabla sijaingia jikoni.

Jumapili moja dada alikwenda kumwona rafiki yake mgonjwa. Mimi natoka saluni, nafungua geti, karibu nianguke. Ua mzima umefungwa kamba! Vijiti vimechomekwa kutoka ukutani mpaka kwenye ngazi, kamba zimekatana kila mahali, na shemeji yuko katikati, amepiga magoti, ana karatasi na kalamu nyekundu.

"Shemeji! Unachimba mji gani hapa?"

"Ruka, usikanyage." Akainuka, akanionyesha karatasi. Ulikuwa ua wetu, umechorwa vizuri, na kona ya nyuma ya tangi imejaa madoa mekundu. "Hapa anakaa mwanamume."

"Ati nini?"

"Maganda ya karanga. Dada yako hali karanga, zinamletea kiungulia. Na hii hapa ni penseli iliyochongwa kwa kisu. Huyo ni fundi. Na angalia mahali penyewe alipochagua, nyuma ya tangi, pasipoonekana kutoka getini. Kwani mtu anajificha bila ya kuwa na la kuficha?" Haki ya nani nilimhurumia, mtu mzima yule, magoti yamejaa udongo, amejipimia aibu yake mwenyewe kwa kamba.

"Na hivi vidogo vidogo hapa mlangoni?" nikamwonyesha.

"Vumbi."

"Shemeji, sisi hapa huwa tunafagia."

"Kwani nani amekuuliza habari za kufagia?"

Ningesema zaidi ningekuwa nimemsaliti dada, na nilikwishamwahidi. Lakini yeye je, si alitikisa kichwa mbele ya daktari? Huko machimboni ufagio anaukumbuka. Nyumbani kwake, mwenye wivu hana ufagio.

Dada aliporudi, kamba zilikwishaondolewa. Nikamvuta jikoni. "Mumeo ameupima ua. Anadhani una mwanamume nyuma ya tangi."

Dada alikaa juu ya ndoo, akanitazama, hakujua acheke au alie. "Mwambie tu," nikamsihi. "Mwambie ni baba yake."

"Kesho," akasema. "Mzee ameniahidi kesho anaingia ndani. Ndiyo Jumatatu yake ya mwisho. Nikimwambia huyu leo, ataanza kabati, kabati, na mzee hatakuja tena. Akimkuta amekaa mezani, yatakwisha yenyewe. Tutacheka."

Asubuhi shemeji akaaga, akachukua mkoba, akaenda. Sisi tukapika. Dada alitandika kitambaa kizuri mezani, akasogeza kiti kile kilichopona, cha mzee. Tusichojua ni kwamba Bwana Kwani alizunguka mtaa, akaruka ukuta wa nyuma, na akajificha ndani ya banda la kuku, lile tupu, linalotazamana na tangi. Mkononi ana mpini wa jembe.

Mzee akaja. Akapita getini kama siku zote, akamsalimia dada, nami nikamwamkia, akakaa kwenye ngazi avute pumzi. "Haya mkwe," akasema, "leo nimekuja na miguu ya kuingilia." Dada alifurahi hata akashika mdomo. Tukacheka wote watatu, mzee akaomba maji kwanza. Na kule nyuma mtu amekunjamana bandani, analinda kona ambako hakuna aliyewahi kukaa, na kicheko cha mwanamume anakisikia kinatoka upande wa mlango wake mwenyewe.

Alitoka mbio. Manyoya kichwani, mpini juu, anapiga kelele, "Leo ni leo!" Akazunguka tangi, akafika mbele ya ngazi, na akamwona baba yake ameshika bilauri ya maji.

Mpini ulibaki hewani.

Mzee hakuona vizuri, ilimbidi akaze macho. Aliangalia mpini, akamwangalia aliyeushika. "Fimbo, mwanangu?" akasema. "Tumefika kwenye fimbo?" Akaweka bilauri chini polepole, akapapasa kofia yake, akaivaa. Dada alimshika mkono, mzee akautoa kwa upole. Akatoka getini, akashika barabara ya stendi.

Shemeji alifungua mdomo, na mnajua kilichotoka ni nini? "Kwani... alikuja kufanya nini?"

Dada yangu hapigi kelele. Tangu utoto wetu mimi ndiye mkali. Siku hiyo alisimama kwenye ngazi akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia.

"Unataka kujua kabati liko wapi? Leo nakujibu! Baba yako alilibomoa siku ile ile mama yako alipokata roho. Mama alimwomba asizikwe kwenye mbao za dukani, azikwe kwenye mbao zake. Mzee akalibomoa, akazipiga randa peke yake, analia, akatengeneza jeneza. Kabati ulilibeba begani, wewe! Ulikuwa mbele, lilifunikwa kitambaa cheupe. Umelibeba mpaka makaburini, umerudi, ukamuuliza mbele ya watu liko wapi!"

Mimi mwenyewe nilikuwa sijui; kumbe mzee alimsimulia dada pale ngazini, akamkataza asiseme. Nilikaa chini pale pale kwenye mchanga. Shemeji aliweka mkono begani kwake, bega la kulia, kana kwamba kuna kitu kimemgusa hapo. Halafu akageuka, akatoka getini anakimbia.

Nami nikamfuata, ndala zinanitoka, maana nilikuwa nimeona kitu ambacho yeye hakukiona: mpini bado anao mkononi. Ameusahau! Fikirieni watu wa barabara ya stendi, wasiotujua, walichokiona. Mzee asiyeona vizuri anatembea anapapasa njia, na nyuma yake mwanamume mzima anakuja mbio, manyoya kichwani, macho mekundu, ana mpini wa jembe, anapiga kelele: "Simama! Baba, simama!"

Fundi baiskeli ndiye aliyemdaka kwanza. Mama muuza mkaa akamshika shati kwa nyuma, vijana wakatoka kwenye vibanda, mpini ukanyang'anywa, na kabla sijafika alikuwa amebanwa ukutani.

"Unataka kumuua mzee wa watu!"

"Ni baba yangu!" shemeji akasema. "Naapa, ni baba yangu, nilikuwa namkimbilia nimwombe radhi!"

"Radhi kwa mpini?"

Watu wakacheka kicheko kibaya. Mama muuza mkaa akamchungulia. "Ala! Si ndiye huyu wa kutuuliza tunakula mara ngapi kwa siku? Leo jibu wewe. Mpini wa nini?"

"Nilisahau kuuweka chini."

"Muongo!"

"Kweli kabisa, mama."

"Na manyoya? Umelala na kuku?"

Alijibu, masikini, alijibu kila kitu. Alisema alikuwa bandani, alisema alidhani mkewe ana mtu, alisema amekosea. Yote ya kweli, na kadiri alivyosema ukweli ndivyo walivyozidi kumkaba, maana ukweli wenyewe ulikuwa haubebeki. Nikapiga kelele kwamba namjua, ni shemeji yangu, mtu akanisukuma: "Na wewe ni wa kwao, nyamaza!" Kijana mmoja alikuwa ameshaunyanyua ule mpini. Niliogopa, jamani. Nimeshaona watu wanavyopigwa barabarani, huwa hawaulizwi mara ya pili.

Fundi baiskeli akainua mkono. "Ngojeni. Mzee mwenyewe yupo." Akageuka. "Mzee, unamjua huyu mtu?"

Mzee alikuwa amesimama mbele kidogo, amesikia yote. Uso wake uliniogopesha, ulikuwa uso ule ule wa siku ya mazishi, na nilijua kabisa kwamba anaweza kunyamaza. Ana haki ya kunyamaza. Shemeji alimwangalia baba yake, midomo inamcheza, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na swali. Machozi tu yalikuwa yakimtiririka mpaka kidevuni.

Mzee akarudi, hatua moja moja, mkono mbele, mpaka akaugusa uso wa mwanawe. Akatoa unyoya kwenye nywele, akautupa.

"Mwachieni," akasema. "Mwanangu huyo. Alikuwa ananifuata anirudishe nyumbani, mkewe anatungojea na chakula. Si ndivyo, mwanangu?"

"Ndivyo, baba."

"Basi nishike mkono. Njia hii siioni."